Kinywa cha Mbwa wa Nyumbani: Mwongozo wa Kutunza Meno na Fizi

Mbwa wengi wa Afrika Mashariki hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na meno yao hupimwa zaidi kwa hofu yanayowatia wapita njia kuliko kwa uzima wake. Mfugaji hujua vyema kama mbwa wake ni mkali, lakini ni nadra ajue kama fizi za mbwa huyo zinatoka damu. Harufu mbaya ya kinywa, ambayo ni miongoni mwa dalili za mwanzo za ugonjwa, huchukuliwa kuwa ndiyo harufu ya mbwa ilivyo, ilhali mbwa mwenye kinywa kizima hanuki hivyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitunza kinywa hicho nyumbani kwa vifaa vinavyopatikana katika duka la kawaida, na unashikilia hoja moja ambayo wafugaji wengi huipokea shingo upande: kwamba hakuna mfupa, unga wala dawa ya kutiwa majini inayoweza kushika nafasi ya mswaki unaopitishwa kila siku pale jino linapokutana na ufizi.

Kilichomo kinywani

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno. Meno 28 ya utoto humwota kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6 hivi, kisha kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hung'oka na kuyapisha meno 42 ya ukubwani, 20 katika taya la juu na 22 katika taya la chini. Mbele kuna meno madogo 12 ya kukatia. Pembeni yake zimesimama chonge 4, zile zinazoonekana mbwa anapokunja midomo na kunguruma. Nyuma yake hufuata magego ya mbele 16, na mwisho kabisa magego ya nyuma 10. Kati ya magego hayo, la kufahamika zaidi ni gego la nne la mbele katika taya la juu, kila upande moja, ambalo ni jino kubwa lenye mizizi 3, na ambalo hupishana na gego kubwa la chini kama makali ya mkasi na kuikata nyama. Katika kurasa hizi litaitwa gego kuu. Mdomo wa juu ukiinuliwa na kuvutwa nyuma kidogo, jino hilo huonekana chini ya usawa wa jicho, na ukoga hulivamia mapema kuliko mengine, kwa kuwa mrija wa tezi kubwa ya mate iliyo chini ya sikio hufunguka ndani ya shavu mkabala nalo.

Ukoga ni utando laini, mweupe au wa manjano hafifu, unaotokana na mate, mabaki ya chakula na bakteria waliojishikiza kwenye jino, nao huanza kujijenga upya saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Mate ya mbwa yana ualkali zaidi kuliko ya binadamu, na hali hiyo ina faida na hasara zake: ni nadra meno ya mbwa kuoza na kutoboka kama ya watu, lakini madini yaliyomo katika mate hayo huugandisha ukoga upesi, hata katika siku 2 au 3 ukaanza kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia ambalo mswaki hauwezi tena kulibandua. Ndiyo maana mswaki wa mara moja kwa wiki hauna faida kubwa, kwani hukuta ukoga umekwisha kuganda. Unaofaa ni wa kila siku, na mfugaji akishindwa kabisa, basi siku moja apige na siku moja apumzike, bila kuzidisha hapo.

Gamba lenyewe halimuumizi mbwa moja kwa moja, ila uso wake wenye mikwaruzo huwapa bakteria mahali pa kujishikiza, nao hushuka taratibu katika kijishimo kilicho kati ya jino na ufizi, ambacho kwa mbwa mwenye afya hakizidi kina cha milimita 3. Madhara huanza kwa uvimbe wa fizi: ukingo wa ufizi, ambao kwa kawaida hulala bapa juu ya jino na kuishia kwa ncha nyembamba, hutuna, hugeuka mwekundu na kutoka damu unapoguswa. Uvimbe huo hupoa ukoga ukiondolewa. Ukiachwa, maradhi huingia katika nyuzi na mfupa unaolishikilia jino, kijishimo huwa shimo lenye usaha, mfupa huliwa na jino hulegea, na mfupa uliokwisha kuliwa haujirudishi wenyewe. Mbwa wengi, wa kienyeji wakiwamo, wana fizi nyeusi au zenye mabaka meusi, jambo ambalo si ugonjwa. Mfugaji wa mbwa wa namna hiyo asitegemee kuona wekundu, bali atazame uvimbe, damu kwenye mswaki na harufu.

Umbile na makuzi nayo huongeza au kupunguza hatari. Mbwa wa mbegu ndogo kama Chihuahua, Maltese na Yorkshire Terrier, wanaofugwa zaidi mijini, huugua fizi mapema na vibaya kuliko mbwa wakubwa, kwa sababu meno yao yamesongamana katika taya fupi lenye mfupa mwembamba, kiasi kwamba ugonjwa ulioachwa kwa miaka unaweza kulidhoofisha taya la chini hata likavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mbwa hao pia hubakiwa mara nyingi na chonge za utoto zisizong'oka; ikiwa katika mwezi wa 7 zinaonekana chonge 2 zimebanana mahali pa moja, ya utoto inapaswa kung'olewa na daktari, vinginevyo ya ukubwani husukumwa nje ya mahali pake na chakula hunasa katikati. Mbwa aliyepata homa ya distempa kabla ya kuota meno ya ukubwani huweza kuyaota yakiwa na mashimo na mistari ya kahawia, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu jeupe la nje ya jino, haikukamilika. Meno ya manjano yanaweza pia kuwa yametokana na oksitetrasaiklini, dawa iliyozoeleka kwa ng'ombe na mbuzi ambayo wafugaji humchoma jike mwenye mimba au mtoto wa mbwa bila kushauriana na daktari. Rangi hiyo haitoki kwa kusugua. Anayeisugua kwa nguvu akidhani ni uchafu huliumiza jino bure.

Kabla ya kutia mkono kinywani

Mate ya mbwa ndiyo njia kuu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu huua karibu kila mara, na ambao bado upo Tanzania, Kenya na katika nchi jirani. Utunzaji wa meno, basi, huanza na chanjo: kwa kawaida mbwa huchanjwa afikishapo umri wa miezi 3 na chanjo hurudiwa kila mwaka, na asiyechanjwa hapaswi kutiwa vidole kinywani. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huwapata watu wenye nia njema. Kichaa cha mbwa kina sura mbili, na ile ya ukali, ambamo mbwa hutangatanga na kung'ata ovyo, inajulikana na karibu kila mtu. Isiyojulikana ni sura ya kupooza, ambamo mbwa hutulia, taya lake la chini huning'inia, mate humchuruzika na kumeza kukamshinda, naye hufanana kabisa na mbwa aliyekwamwa na mfupa. Watu hujiponza kwa kumpanua kinywa mbwa wa namna hiyo wakitafuta mfupa ambao haumo. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na asiyeweza kufumba kinywa, afungiwe peke yake bila kuguswa na daktari wa mifugo aitwe. Na mtu ambaye amekwisha kung'atwa, au ambaye mate yameingia katika mchubuko wake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa, bila kungoja aone mbwa atakavyokuwa.

Katika mwambao, ambako Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nyumba inayofuga mbwa wa ulinzi huweza kulizingatia hilo kwa kutenga glavu ndefu za mpira, nguo ya kazi, mswaki na kopo ambavyo havichanganywi na vyombo vya ndani, au kwa kumkabidhi kazi yote mlinzi ambaye mbwa amemzoea. Glavu zinawafaa pia watu wenye vidonda mikononi, na zaidi ya hao wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika au walioondolewa bandama, kwa kuwa katika kinywa cha mbwa mwenye afya njema kabisa huishi bakteria wanaoweza kuwaletea watu hao maambukizi makali ya damu. Watoto wasipewe kazi hii, hata kama mbwa ni mpole.

Kumzoesha mbwa

Umri mzuri wa kuanza ni wiki 8 hadi 12, ingawa meno yaliyopo wakati huo yatang'oka yote, kwa sababu mtoto wa mbwa wa umri huo hukubali karibu jambo lolote linaloambatana na chakula. Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 fizi huuma kwa meno yanayoota, na katika kipindi hicho mfugaji huendelea kumshika midomo kila siku bila kusugua. Mbwa mkubwa naye huzoea, ila kwa subira zaidi. Kabla ya kuanza, kinywa chake kitazamwe, na akikutwa na meno yaliyozama katika magamba au fizi zinazotoka damu nyingi, atibiwe kwanza, maana mbwa aliyeumizwa na mswaki siku ya kwanza hausahau.

Saa ya kazi ichaguliwe kwa akili. Mbwa wengi wa ulinzi hushinda bandani na hufunguliwa jioni; muda ule kabla hajapewa chakula na hajaachiwa uani ndio bora kuliko wowote, kwa kuwa anachokitamani kipo karibu na hutumika kuwa malipo ya utulivu wake. Siku chache za mwanzo mfugaji humshika taya, huinua mdomo upande mmoja kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, humpa kipande cha dagaa, na kazi huishia hapo. Mbwa akishazoea kuinuliwa mdomo pande zote mbili, kidole kilichoviringishwa kitambaa safi cha pamba na kuchovywa katika maji au supu iliyopoa hupitishwa juu ya chonge, kisha juu ya magego, kwa wepesi. Supu hiyo isiwe na vitunguu maji wala vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitambaa kikishazoeleka, mswaki hauwi tena kitu kigeni, na kwa mbwa wengi safari hii yote huchukua wiki 3 au 4. Mbwa akinguruma, akikaza mwili au akitoa weupe wa macho, mfugaji hurudi hatua moja nyuma kesho yake. Kumlazimisha, au kumshikilia watu wawili, humfundisha kwamba mswaki ni ugomvi.

Mbwa mdogo hupakatwa mgongo wake ukielekea kifua cha mfugaji, na mkubwa huketishwa pembeni mwa ukuta ili asirudi nyuma, mfugaji akichutama ubavuni mwake. Kusimama mbele ya mbwa na kumwinamia usoni humtia wasiwasi. Kinywa hakifunguliwi, na hili ndilo jambo linalowashangaza waanzao. Taya zikiwa zimefumbwa, kidole gumba huinua mdomo wa juu na kuuvuta nyuma kuelekea sikio, mswaki hupenyezwa kati ya shavu na magego, nywele zake zikiinamishwa kwa nyuzi 45 ili ncha zake ziguse jino na ukingo wa ufizi kwa pamoja, halafu husogezwa kwa miduara midogo, polepole, bila kukandamiza. Hapo ncha za nywele huingia kidogo chini ya ukingo na kuutoa ukoga mahali unapodhuru. Anayesugua katikati ya jino pekee hung'arisha jino na kuuacha ugonjwa. Kazi huanzia kwenye gego kuu la upande mmoja, kwa sababu subira ya mbwa huwa nyingi mwanzoni na jino hilo ndilo linaloihitaji, kisha magego ya jirani, chonge, na mwishoni meno ya mbele, ambayo mbwa wengi hawapendi yaguswe. Upande wa ndani wa meno husafishwa kwa kiasi fulani na ulimi, hivyo mfugaji asiyeweza kuufikia hana haja ya kupigana na mbwa wake. Sekunde 30 kila upande zinatosha, na matone machache ya damu katika wiki ya kwanza si sababu ya kuacha. Damu inayoendelea zaidi ya wiki 2 ni sababu ya kumwona daktari.

Vifaa, na vitu visivyofaa

Mswaki wa mtoto wenye nywele laini na kichwa kidogo unatosha kwa mbwa wa ukubwa wowote, na ubadilishwe nywele zake zinapotawanyika. Kila mbwa awe na wake. Kijiti cha mswaki wa mti, ambacho watu wa pwani na bara wamekitumia tangu kale, hakimfai mbwa, kwa kuwa mtu hukilainisha kwa kukitafuna mwenyewe na kuuongoza mkono wake kwa kuhisi, ilhali katika kinywa cha mwingine kijiti hicho hicho huchoma fizi. Dawa ya meno ya mbwa huuzwa katika maduka makubwa ya dawa za mifugo mijini, mara nyingi ikiwa na ladha ya kuku na vimeng'enya vinavyopunguza nguvu ya bakteria, na manufaa yake makubwa ni kumfanya mbwa aupende mswaki. Inapokosekana, maji matupu yanatosha, kwani ukoga hutolewa na msuguo.

Dawa ya meno ya watu isitumike. Mbwa hatemi, humeza kila kinachotiwa kinywani, na floridi pamoja na vitu vya kutoa povu vilivyomo katika dawa hizo humchafua tumbo au kumdhuru. Baadhi yake zina zailitoli, sukari mbadala inayopatikana pia katika chingamu zisizo na sukari, ambayo kwa mbwa huangusha kiwango cha sukari katika damu, pengine ndani ya saa moja, na kipimo kikizidi huharibu ini. Mbwa aliyekula kitu chenye zailitoli hukimbizwa kwa daktari kabla dalili hazijaonekana. Mkaa uliosagwa na majivu, vinavyosifiwa kwa kung'arisha meno ya watu, hukwaruza enameli, na enameli ya mbwa ni nyembamba, haifiki hata milimita 1. Chumvi na magadi humwongezea mbwa sodiamu asiyoihitaji, na ndimu hulainisha enameli kwa asidi yake. Dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini ni nzuri kwa fizi zilizovimba, ila hutumika kwa muda na kipimo kilichoandikwa na daktari, kwa kuwa ikiendelezwa huacha madoa ya kahawia.

Kukwangua magamba kwa kisu, msumari au kifaa cha chuma kilichonunuliwa mtandaoni ni kazi ya hatari isiyo na tija. Jino huonekana jeupe, na mfugaji hufurahi, lakini gamba lililo chini ya ufizi, ambalo ndilo linaloila mifupa, hubaki palepale, na mikwaruzo iliyoachwa juu ya jino hukamata ukoga mpya upesi kuliko mwanzo.

Mifupa na vitu vya kutafuna

Imani kwamba mfupa ndio mswaki wa mbwa ina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo sababu haifi. Kutafuna kweli hukwangua sehemu ya gamba kwenye magego. Lakini mfupa haufiki kwenye ukingo wa ufizi, hauzigusi chonge wala meno ya mbele, na gharama yake hulipwa na gego kuu lile lile, ambalo mbwa akiliegemeza juu ya mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe hubanduka kipande cha upande wa nje, kuanzia ncha hadi chini ya ufizi, na mara nyingi kiini cha jino chenye mishipa hubaki wazi. Mifupa iliyopikwa ni mibaya zaidi, kwa kuwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo. Mifupa ya kuku wa karamu na ya nyama choma, ambayo mbwa hutupiwa kwa ukarimu, ndiyo ya kwanza kuzuiwa. Vipande vya mfupa vilivyokatwa kwa msumeno buchani vina hila yake: kile cha mviringo chenye tundu katikati huweza kulivaa taya la chini na kukwama nyuma ya chonge, na kijiti au mfupa mwembamba huweza kulala kingamo kwenye kaakaa, umebanwa kati ya magego makuu mawili, mbwa akajipapatua uso kwa miguu ya mbele kutwa nzima. Huyo huwa na mfupa kweli, lakini daktari ndiye anayefaa kuutoa, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa kuhusu kichaa.

Kipimo cha kitu cha kutafuna ni chepesi: kisichobonyea kinapokandamizwa kwa ukucha wa kidole gumba ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Kwa kipimo hicho huanguka mifupa ya miguu, pembe, kwato zilizokauka na mawe, ambayo mbwa wasio na shughuli huyachezea uani. Mnyororo nao huanguka. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hutafuna mnyororo au vyuma vya banda mpaka chonge zikalika upande wa nyuma na kuwa nyembamba, na siku moja hukatika akikamata kitu. Dawa ya tabia hiyo ni kumpa mbwa nafasi, matembezi na kitu cha mpira kisicho kigumu, ambacho hakitoshi kumezwa kizima. Kuna vitafunwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya meno, na mfugaji anayeweza kuvinunua hutafuta alama ya VOHC, baraza la Marekani lililoanza kazi mwaka 1997, ambalo hupitia ushahidi wa majaribio kabla ya kuruhusu bidhaa ibandikwe alama yake. Vitafunwa hivyo ni nyongeza ya mswaki, na uzito wake katika mlo uhesabiwe ili mbwa asinenepe. Ugali na dagaa, au ugali na mapupu, ambao ndio mlo wa mbwa wengi, hauna kosa kwa meno zaidi ya ulaini wake unaonata, na biskuti za kawaida za mbwa nazo hazisafishi kama inavyodhaniwa, kwa kuwa husagika jino linapozigusa kwa ncha tu.

Mahali kazi ya nyumbani inapokomea

Mbwa huendelea kula akiwa na jino linalomuuma, na kwa hiyo hamu ya chakula si ushahidi wa kinywa kizima. Dalili zinazopaswa kumpeleka kwa daktari ni kutafuna upande mmoja, kudondosha chakula na kukiokota tena, kukimeza bila kukitafuna, mate yenye damu, kukataa kuguswa uso, na kamasi au damu inayotoka tundu moja la pua, ambayo huweza kuonyesha kwamba mzizi wa chonge ya juu umetoboa njia hadi puani. Uvimbe chini ya jicho, unaopasuka, kukauka na kurudi baada ya wiki kadhaa, mara nyingi hutibiwa kama kidonda cha ngozi au mchomo wa mdudu, ilhali chanzo chake huwa jipu la mzizi wa gego kuu. Dawa ya vijiuasumu huutuliza kwa muda, na hautaisha mpaka jino lenyewe lishughulikiwe. Jino lililovunjika lenye doa jekundu au shimo jeusi katikati lina kiini kilicho wazi, hata kama mbwa halii.

Mbwa mwenye maumivu asipewe dawa za watu. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazopatikana katika kila duka la dawa, huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Wala jino lising'olewe nyumbani kwa koleo: mzizi wa chonge ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, gego kuu lina mizizi 3 iliyotawanyika, na anayevuta huishia kuvunja mzizi ndani au taya lenyewe.

Usafishaji wa daktari hufanywa mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, kwani hakuna mbwa aliye macho atakayevumilia kifaa chini ya ufizi. Magamba huondolewa juu na chini ya ufizi, kina cha vijishimo hupimwa jino kwa jino, panapo mashine picha za eksirei hupigwa, meno yasiyookoka hung'olewa na yaliyobaki hulainishwa ili ukoga usipate pa kushika. Hofu ya nusukaputi ni ya haki kwa mbwa mzee au mwenye maradhi ya moyo, na daktari humpima kabla ya kuamua, lakini huduma ya kukwangua meno bila usingizi, inayotangazwa kuwa salama, hubadilisha sura ya meno bila kugusa ugonjwa. Penye kliniki ndogo isiyo na vifaa, mfugaji anaweza kuelekezwa kwenye hospitali za wanyama za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Mbwa aliyeng'olewa meno hula vyema baada ya fizi kufunga, hata akibaki na machache, kwa kuwa chakula cha nyumbani hakihitaji kuraruliwa. Kwa wiki 2 za mwanzo hupewa uji mzito au ugali uliolainishwa kwa supu, hanyimwi maji, haruhusiwi kutafuna kitu chochote kigumu, na mswaki husimamishwa upande wenye nyuzi hadi daktari aruhusu. Upande mwingine huendelea kusuguliwa kama kawaida, kwa wepesi zaidi, ili mazoea yasikatike.